Mzee ninayemtunza ananipa maboksi yake ya kadi za besiboli, na hataki binti yake ajue

Anti shikamoo,

Naomba usiweke jina langu wala mji ninaokaa, sema tu niko Ohio, si mbali na Cincinnati, na kwetu ni Tanga. Barua ni ndefu utanivumilia, manake hili jambo nimekaa nalo moyoni na huku sina wa kumwambia, wenzangu wa kazini nikiwagusia tu najua habari itafika ofisini kabla shifti haijaisha.

Nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani kupitia ajensi. Nina mzee mmoja, mgane, ambaye nakaa naye zaidi ya ninavyokaa na mtu mwingine yeyote nchi hii. Ana binti anaishi jimbo lingine, anapiga simu wikiendi na kuja wakati wa sikukuu, na kijana wa kiume ambaye mimi sijawahi kumtia machoni. Akili ya mzee inakuja na kuondoka. Asubuhi mnaongea vizuri kabisa, anakwambia tarehe, anakwambia bei ya mayai imepanda, jioni ananiita jina la marehemu mkewe. Daktari ameshasema ni mwanzo wa ugonjwa wa kusahau.

Sasa huyu mzee kule chini beizimenti ana chumba kimejaa maboksi. Mwanzoni nilidhani ni vile vitu vya mtu anayeshindwa kutupa, tunao wateja wa namna hiyo wengi tu. Maboksi ya siriali ya Post, ile nafaka ya asubuhi ya kutia maziwa, yamekunjwa flati, maboksi ya keki za Hostess, maboksi ya ubani wa kutafuna wa Bazooka, mengine yamebaki kitako tu. Basi siku moja akaniomba nimpandishie sanduku moja sebuleni, akaanza kunionyesha. Kumbe nyuma ya boksi la siriali kumechapwa wachezaji wa besiboli, kila mmoja kwenye kamstari kake, mtoto anachukua mkasi anakata anapata kadi. Za Post ni za mwaka 1961 mpaka 1963, kila mwaka kadi 200, na maelezo yote ya mchezaji yako mbele pembeni ya picha kwa sababu nyuma ni kadibodi tupu, ndani ya boksi ndo kulikuwa na chakula. Anasema watoto wa enzi ile walikuwa hawachagui siriali, walikuwa wanageuza maboksi dukani wanatafuta wachezaji, mama analia hela yake. Za kwake za utotoni alizikata zote zimepinda pinda, anazo kwenye kopo la biskuti. Hizo nzima alizitafuta ukubwani, kwenye maonyesho ya kadi na kwa watu waliokuwa wanafunga maduka.

Halafu kuna za Hostess, 1975 mpaka 1979, hizi ziko kwenye kitako cha boksi, kadi tatu zimeshikana, na kila mwaka zilikuwa 150. Hizi ndo anazipenda kupita zote, kwa sababu walizikusanya yeye na mkewe watoto wakiwa wadogo. Mkewe ndo alikuwa ananunua, watoto wanakula keki, boksi linapanda juu ya kabati na kukata ilikuwa marufuku. Na miaka yenyewe ndo ile Cincinnati Reds walichukua ubingwa mara mbili mfululizo, 1975 na 1976, akianza kumtaja Johnny Bench na Joe Morgan na Tony Perez dawa zinaweza kupitiliza muda nisipokuwa makini.

Anti, mimi nilikuwa sijui besiboli ni nini. Sasa hivi najua. Huyu mzee ndo amenifundisha Frank Robinson ni nani, alikuwa Reds, 1961 akawa mchezaji bora wa ligi yake, wakamuuza Baltimore, mwaka 1966 kule nako akawa mchezaji bora, halafu 1975 akawa kocha mkuu wa kwanza mweusi kwenye ligi kuu ya besiboli, na ilikuwa hapa hapa Ohio, Cleveland, na siku ya kwanza ya ukocha wake alijipanga mwenyewe acheze na akapiga homu rani, lile pigo kubwa la kuleta pointi moja kwa moja. Nilivyosikia hiyo nilisimama na kikombe mkononi. Mzee akanitafutia kadi yake ya Post akaniwekea mezani nile chakula nikiiangalia.

Sasa tatizo. Wiki zimepita akaniambia maboksi yote ni yangu. Nikacheka nikadhani ni maneno ya jioni, lakini ilikuwa asubuhi. Kesho yake akarudia, akachukua karatasi akaandika, akaweka sahihi, mkono unatetemeka, kwamba maboksi yote ya beizimenti apewe fulani, jina langu. Akasema binti yangu asijue, ataleta lori la takataka. Na ni kweli Anti, mimi mwenyewe nimemsikia yule dada kwenye spika ya simu akisema nikija kiangazi hiki hizo takataka za baba zote zinaondoka. Mtu anasema takataka kitu ambacho baba yake anakigusa kwa ncha za vidole!

Karatasi sijaichukua, iko kwenye droo yake. Lakini nilivyofika nyumbani siku hiyo nikakuta kwenye mkoba wangu bahasha, ndani kuna paneli moja ya Hostess, kadi tatu hazijakatwa, mmojawapo ni Bench. Ameitia yeye. Ipo hapa kwangu mpaka sasa ninavyoandika.

Ajensi wana sheria, mfanyakazi asipokee zawadi kwa mteja, nilisaini siku ya kwanza. Na mama yangu Tanga ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, tunachanga mimi na kaka zangu haifiki. Halafu nasikia kadi ya Mickey Mantle, mchezaji maarufu wa zamani, iliuzwa dola milioni 12.6, na huyo Mantle mzee anaye kwenye maboksi, nimemwona kwa macho yangu. Usiku silali, napiga hesabu, halafu najichukia kwa kupiga hesabu.

Kingine nikwambie, juzi jioni nilimkuta ameshika mkasi, amechukua paneli za Hostess anataka kuzikata, anasema fanya haraka watoto wanasubiri. Nikamtoa kwa chai, mkasi nimeuficha. Nilihisi nimeokoa kitu lakini sijui nimemwokolea nani.

Anti nifanye nini? Nikikataa namvunja moyo na vitu vinaenda kwenye lori. Nikikubali naweza kupoteza kazi. Nikimwambia binti nimesaliti siri ya mzee. Nisaidie mawazo.

Mwanao, Ohio

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole, kwa sababu kazi yenyewe ni nzito hata bila hili, na wewe unaifanya ukiwa mbali na mama yako unayemtamani kumtunza kwa mikono hiyo hiyo. Barua yako nimeisoma kutwa. Nilichokipenda kwanza ni kwamba hujaanza na hela, umeanza na mzee, ukaenda kwenye maboksi, ukafika kwa Frank Robinson, hela umeitaja mwishoni kama mtu anayeona aibu. Kupiga hesabu usiku wakati mama yako haoni si dhambi. Mtoto yeyote angepiga.

Nikikusikia vizuri, unaniambia hivi. Mzee unayempenda anakupa kitu anachokipenda. Mwenye mamlaka juu yako anakukataza kupokea. Mwenye damu na mzee anakiita takataka. Na mzee mwenyewe anakuomba unyamaze. Umeniuliza juu ya maboksi, lakini mimi ninavyokusoma kinachokunyima usingizi zaidi ni huko kunyamaza. Maboksi yapo beizimenti yametulia. Ni siri ndo imeingia kwenye mkoba wako ikaja nayo nyumbani.

Ngoja nianze na hela maana ndo nyepesi kuisema. Hiyo kadi ya milioni 12.6 uliyoisikia iliuzwa mwezi wa 8 mwaka 2022, ni Mantle kweli, lakini ni kadi ya kampuni ya Topps ya mwaka 1952, za namna hiyo zilikuwa zinauzwa kwenye pakiti za ubani, na iliuzwa bei ile kwa sababu ilikuwa karibu haina kasoro. Kadi za kwenye maboksi ni dunia nyingine kabisa. Watoto walizikata kwa mikasi ya jikoni, zingine zikala mafuta ya keki, na wachezaji wa kawaida wa Post na Hostess mpaka leo unawapata kwa dola chache kila mmoja. Mantle yuko juu, na Robinson na Bench wana wenyewe wanaowatafuta, lakini usilale ukijenga hospitali juu ya ile habari ya gazetini.

Pia thamani ya vitu hivi inategemea sana havijaguswa kiasi gani. Boksi zima linazidi paneli, paneli yenye kadi zake zote inazidi kadi zilizokatwa, na iliyokatwa vizuri mstari ukionekana pande zote nne inazidi ile mtoto aliyoila kona. Kampuni kama PSA wanaopima kadi na kuzipa daraja, ukiwapelekea kadi ya boksi iliyokatwa ndani ya mstari wataishia kukuandikia tu kwamba ni halisi, namba ya daraja hawakupi. Na kuna kitu kinachonifurahisha kwenye hizi kadi, uhaba wake ulitokana na ulaji wa watu. Mchezaji aliyechapwa kwenye siriali iliyopendwa kadi zake ziko nyingi, aliyechapwa kwenye siriali ambayo watoto walikuwa wanaisukuma pembeni ni adimu leo, hata kama uwanjani hakuwa na makuu. Hata Jell-O, wale wa jeli ya unga, ambao walikuwa kampuni moja na Post, walichapa kadi kwenye pakiti zao 1962 na 1963 na leo ni ngumu kupata kuliko za Post. Kwa hiyo mtu asiyejua anaweza kuchukua boksi la Mantle akaacha kwenye lori boksi la mtu asiyejulikana lenye uzito zaidi. Mzee wako anajua tofauti hiyo. Wewe umeanza kuijua. Binti, kwa ulivyonieleza, hana habari nayo.

Na hapo ndo nataka tukae kidogo mwanangu.

Umeniambia binti anasema takataka na wewe umehitimisha kwamba hazitaki. Inawezekana ni hivyo kabisa. Lakini rudi kwenye maneno yako mwenyewe. Hizo paneli za Hostess zilikusanywa yeye akiwa mtoto. Keki alikula yeye. Boksi likapandishwa juu ya kabati na mkasi akanyimwa. Fikiria mtoto wa miaka sita, saba, rafiki zake shuleni wana kadi za Bench mfukoni, na kwao ziko nyingi kuliko kwa mtu yeyote mtaani na haruhusiwi kugusa. Mimi simjui huyo dada na siwezi kumsemea, ila najua mtu mzima anaweza kuita kitu takataka kwa sababu hakijali, na anaweza kukiita takataka kwa sababu kiliwahi kuchukua nafasi aliyoitaka yeye. Kwenye spika ya simu yote mawili yanasikika sawa.

Halafu kuna ule mkasi. Mzee aliposema watoto wanasubiri, ulisikia kuchanganyikiwa, na kweli alikuwa amechanganyikiwa, miaka imemwingiliana. Lakini alichokuwa anafanya kwenye huo mchanganyiko ni kuwakatia watoto wake kadi alizowanyima. Sitaki kulivuta jambo zaidi ya linavyovutika, jioni za wagonjwa wa kusahau zina mengi na si kila neno lina siri. Ila kama ningekuwa mimi ndo nimesimama pale, ningejiuliza kama huyu baba ana deni na binti yake ambalo asubuhi hawezi kulisema, na je, kunipa mimi maboksi ni njia ya kulilipa au ni njia ya kulikwepa.

Unasema uliokoa kitu na hujui umemwokolea nani. Swali zuri sana hilo, na sidhani unatakiwa kulijibu peke yako. Paneli zikikatwa thamani ya soko inashuka, hiyo ni kweli. Lakini zilichapwa ili zikatwe. Kama siku moja binti yake ataketi na baba yake wakate moja, hasara ya dola itakuwepo na sijui kama yeye ataiita hasara. Akizikata mzee peke yake jioni moja, wewe ukiwa kwenye shifti, swali litakuja kwako. Kwa hiyo mkasi kuuficha kwa sasa sikulaumu, na hata kwa usalama wake tu ni sawa.

Nije kwenye njia ulizonazo, na uvumilie nikuambie hatari bila kupakapaka.

Ya kupokea kimya kimya ndo inaniogopesha. Sikushuku wewe, naogopa itakavyosomeka kwa mtu ambaye hakuwepo. Mfanyakazi wa nyumbani, mgeni nchini, mteja ana ugonjwa wa kusahau umeandikwa na daktari, kuna karatasi ya mkono, na familia haikuambiwa. Majimbo mengi ya Marekani yana sheria za kuwalinda wazee wasinyonywe mali zao, na Ohio kaunti zina idara ya kupokea malalamiko ya namna hiyo. Hata kama mwisho wa siku utaonekana huna kosa, kuchunguzwa tu kunaweza kukusimamishia kazi, na kama makaratasi yako ya uhamiaji bado hayajakaa sawa, tuhuma ya wizi ni kitu cha kukimbia mbali sana. Ile karatasi ya kwenye droo haikulindi kama unavyodhani. Wakili wa familia anaweza kuuliza siku hiyo mzee alikuwa wa asubuhi au wa jioni, na nani alikuwa chumbani. Jibu ni kwamba chumbani ulikuwa wewe.

Kukataa moja kwa moja nako kuna maumivu yake. Mzee anaweza kuona umekataa yeye. Lakini unaweza kukataa mali bila kukataa zawadi yote, manake sehemu kubwa ameshakupa na haiwezi kuingia kwenye lori. Unaweza kumwambia, asubuhi, akiwa vizuri, mzee wangu kazini kwangu siruhusiwi, ila nataka uendelee kunionyesha. Nahisi ataelewa zaidi ya unavyotegemea, wazee wa kizazi hicho walifanya kazi kwenye sehemu zenye sheria.

Kwenda kwa supavaiza wako kunaogopesha kwa sababu ya hiyo paneli ambayo tayari iko kwako. Lakini tazama tofauti. Leo unaweza kusema, mteja ameweka kitu kwenye mkoba wangu bila mimi kujua, nataka kirudishwe na kiandikwe. Baada ya miezi mitano sentensi hiyo hiyo itasikika vingine. Ajensi nyingi wameshazoea kesi hizi, wazee wanatoa pete, saa, bahasha za hela, sembuse maboksi. Hatari iliyopo ni kwamba wanaweza kukuhamisha kwa mteja mwingine ili wajilinde, na hilo lingekuumiza wewe na mzee pia. Sikuahidi kwamba halitatokea. Unaweza kuuliza kwanza kwa ujumla, utaratibu ukoje mteja akilazimisha zawadi, uone sura ya mtu unayeongea naye kabla hujafungua yote. Faida yake ni hiyo, ubaya wake ni kwamba kila siku unayouliza kwa ujumla paneli iko kwako.

Kuna na njia ya binti. Hapa unasema utakuwa umesaliti siri. Naomba nikuulize kitu kwa upole, siri hiyo ni ya aina gani? Kuna siri ya mtu kuhusu moyo wake, hiyo mtunzaji anaibeba. Kuna siri inayokuweka wewe hatarini, na inamtoa mtoto wake kwenye jambo la nyumbani kwao, hiyo sina hakika mzee ana haki ya kukubebesha, hata kama amekuomba kwa mapenzi. Lakini pia si lazima uanze na zawadi. Unaweza kumpigia dada yule, au kumwandikia kwa njia ambayo ajensi wanairuhusu, ukamwambia tu baba anapenda sana maboksi yake, ananieleza kila moja linatoka wapi, je ungependa tuyaorodheshe pamoja ili msije mkatupa kitu ambacho mngetaka kukijua? Hapo humwibii mzee siri na humfichi binti ukweli kwamba vitu vina maana na vina bei. Kuorodhesha ni kazi nzuri ya asubuhi hata kwa mzee, kumbukumbu za zamani kwa wagonjwa hawa mara nyingi ndo za mwisho kuondoka, na anaonekana ana furaha akiongea. Andika mwaka, siriali gani, wachezaji gani, boksi zima au paneli, lilitoka wapi. Orodha hiyo ikiwepo hata lori likija litakuta mtu amesimama na karatasi mkononi.

Anaweza kujibu vibaya. Anaweza kukuona unaingilia, au unapeleleza mali, au anaweza kukasirika kwamba mgeni anajua hadithi za baba yake ambazo yeye hakusimuliwa. Hilo la mwisho likitokea usilichukulie kama tusi, litakuwa limekwambia kitu juu yake.

Na kama mzee kweli, kweli, anataka uwe na sehemu ya vitu vyake, iko njia ya mwanasheria wake mwenyewe, ambaye wewe hujamtafuta, hujamlipa, na hukuwepo chumbani. Mwanasheria atapima kama mzee anaelewa anachofanya. Mkataba wako na ajensi unaweza bado kukuzuia, na watoto wanaweza kupinga. Lakini ikifika huko angalau itakuwa inafanyika mchana. Wewe kuipendekeza njia hii ni jambo la kufikiria mara mbili, inaweza kuonekana unaisukuma. Yeye akiitaja, ni tofauti.

Sijakwambia uchague ipi, na sitakwambia, kwa sababu wewe ndo unamjua mzee anavyoamka, unamjua supavaiza wako na hali ya makaratasi yako. Ila ningependa ujiulize ukiwa peke yako, unachokitaka hasa ni kipi. Ni maboksi? Ni hela ya maboksi? Au ni yale mazungumzo, na hofu kwamba yakiondoka na lori na mzee naye siku moja akaondoka, hakuna atakayejua kwamba mlikaa mkala chakula mkimwangalia Frank Robinson? Kama ni hilo la tatu, daftari lako la orodha, nakala yako mwenyewe kwa mwandiko wako, familia ikiridhia, linaweza kukushibisha zaidi ya unavyodhani. Kama ni la pili, pia ni halali kulitaka, ila basi tulitenge na mzee kabisa tuliweke kwenye meza yake.

Hiyo paneli ya Bench, mpaka utakapoirudisha au kuamua vingine, usiitie kwenye nailoni ya kawaida, usiibandike selotepu na usiende kuilaminisha. Iweke flati kati ya karatasi safi mbili ndani ya kitabu kikubwa, mbali na jiko na bafu, na upige picha mbele na nyuma yenye tarehe.

Na mama. Mtoto wa jicho ni opasheni inayofanyika nyumbani, hospitali ya CCBRT Dar es Salaam wanafanya, hospitali ya KCMC Moshi wana kitengo cha macho. Kabla hujaendelea kupiga hesabu za usiku, mwambie kaka mmoja ampeleke mama akaonwe, wapate bei halisi ya jicho moja kwanza, ulizeni kama bima aliyonayo inagusa, ulizeni kama kuna kambi ya macho inayokuja mkoani. Inawezekana namba mtakayoletewa ni ndogo kuliko uliyoibeba kichwani, na inawezekana mchango wenu unakaribia jicho la kwanza bila boksi hata moja kutoka beizimenti. Mpigie kaka leo, kule ikiwa asubuhi.